Damari na Kihenge Kisichopita Mlangoni

Watu wa kitongoji cha juu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kinampanda, walikuwa na maneno mawili juu ya Damari, mjane wa Yohana. La kwanza walilisema kwa sifa: kwamba mwili wake haukuwa na mifupa. La pili walilisema baada ya kuangalia nyuma kwanza: kwamba mifupa yote iliyokosekana mwilini ilikuwa imehamia moyoni.

Tuanze na mwili, maana ndio uliomlisha. Damari alikuwa fundi wa vihenge. Kihenge ni ghala la nafaka linalofumwa kwa fito mfano wa kikapu, tumbo pana la kumeza mavuno ya mwaka mzima, shingo nyembamba, kisha kinakandikwa udongo uliochanganywa na samadi, nje na ndani. Nje kila mtu anaweza. Ndani ndiko ufundi uliko, kwa sababu lazima mtu aingie, na mdomo wa kihenge kizuri haupiti ukubwa wa ungo wa kupepetea. Mafundi wengine waliwaingiza watoto wao, na kazi ya mtoto ikawa ya kitoto, panya wakaingia na kutoka bila hodi. Damari aliingia mwenyewe. Alitanguliza mkono mmoja, akalaza kichwa begani, akageuza nyonga upande, na ukipepesa jicho mtu humwoni tena, unasikia tu kiganja chake kikipiga udongo huko tumboni. Aliingia hivyo akiwa msichana, akaingia akiwa na mimba ya miezi minne ya binti yake Klara, akaingia akiwa na miaka hamsini na wajukuu kule Iguguno alikoolewa Klara.

Siri ya fito hakuificha. Ziwe za mti wa mkole, zikatwe mvua za kwanza, zingali na maji yake. "Mbichi utazikunja kwa vidole," aliwaambia waliokuja kujifunza. "Ukingoja kiangazi, utazikunja kwa goti na zitakuvunjikia usoni." Waliokuja kujifunza hawakudumu. Ukikosea mara mbili, Damari alikunyang'anya fito na kukuonyesha njia ya kwenu.

Kuna jambo moja ambalo mgeni wa Iramba lazima aambiwe. Nyumba zetu za zamani zilikuwa tembe, za paa la udongo lililolala, na mlango wa kuinamia. Kihenge kikubwa hakiingizwi humo. Kinafumwa humo humo ndani, gizani, kwenye chumba cha nyuma, mpaka mdomo unakaribia kugusa boriti. Hakuna aliyewahi kuuliza kitatokaje. Mtu anahama, ng'ombe wanahama, lakini kihenge kuhama? Jambo hilo halikumwingia mtu akilini, na wanaojiita wenye akili walilipia baadaye.

Sasa moyo. Yohana alikufa mwaka mmoja baada ya Uhuru, mwaka wa njaa, tumbo likimuuma siku tatu mfululizo. Matanga hayajapoa, mdogo wake, Isaka, akaja na wazee wawili na mbuzi wa kamba, kwa desturi ya kumrithi mjane. Damari alikuwa amemzidi Isaka miaka saba. Alipoolewa pale alimkuta ni mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwenye kamasi, akawa anampikia ugali wa uwele na kumsugua miguu kwa jiwe. Leo kamasi zimefutwa, na amekuja na mbuzi.

Damari alimsikiliza mzee wa kwanza, akamsikiliza wa pili. Halafu alisimama, akamgeuza mbuzi, akampiga kofi la matako. Mbuzi alifika kwa Isaka kabla ya Isaka.

"Wazee wangu, nawaheshimu," alisema. "Lakini huyu ni mtu wa kukunjwa. Kila mkono unaopita unamkunja. Nyumba hii ilikuwa ya mtu aliyesimama, na itabaki hivyo hata ikikaa tupu."

Neno lile, "mtu wa kukunjwa", lilishuka mlima siku hiyo hiyo. Kisimani lilifika, klabu ya pombe lilifika, hata kanisani lilikaa benchi la nyuma. Isaka hakulisahau, na Damari hakutaka alisahau.

Na kusema kweli hakumsingizia. Isaka alikuwa tarishi wa mtemi enzi za Mwingereza, mwenye kofia nyekundu na sauti ya kuamrisha watu wakatengeneze barabara. Serikali ilipoondoa utemi, ndani ya kofia ile kuku wake walitaga mayai, na Isaka akatokea mkutanoni na kadi ya TANU mfukoni, akiwahimiza watu wale wale, kwa sauti ile ile, juu ya barabara ile ile. Bwana shamba aliposema pamba, Isaka alilima pamba. Alipokuja mwingine akasema alizeti, Isaka aling'oa pamba kabla mgeni hajamaliza chai. Mchungaji akipita, Isaka hanywi. Mchungaji akivuka mto, Isaka ana kata ya pombe mkononi. Akisemwa, alicheka na kujibu, "Upepo ukivuma mtama unainama. Upepo ukiisha mtama umesimama." Maneno hayo yalipomfikia Damari, alisema kwamba mtama unaoinama sana ndio unaoliwa na mbuzi.

Tusimwonee, lakini. Kule kuinama kwake ndiko kulikoleta bomba la maji kitongojini, maana alimbembeleza msimamizi mmoja wa maji wiki mbili nzima, akamsifia hata baiskeli yake. Damari aliteka maji ya bomba lile kila siku, na hakuna aliyemsikia akishukuru.

Ndivyo walivyoishi miaka kumi na miwili, nyumba zao zikitazamana ng'ambo ya korongo, mpaka ikaja Operesheni Vijiji.

Mwaka sabini na nne mvua zilikuwa zimekosekana sehemu nyingi. Damari alikuwa na shamba bondeni, penye unyevu, na kihenge chake kikubwa, kile alichokifuma mwenyewe akiwa na Yohana, kilikuwa na uwele kupita nusu. Nyumba nyingine kihenge kilisikika kikilia ukikigonga, chake kilinyamaza. Uwele ule ulikuwa ndio maisha yake mpaka mavuno mengine, na alijua idadi ya miezi iliyomo humo kwa kugonga tu kwa kifundo cha kidole. Kwa hiyo tangazo lilipokuja kwamba watu wote watoke milimani wakakae kijiji kipya kule barabarani, hakuuliza habari ya shule wala zahanati. Aliuliza habari ya kihenge.

Jibu alilileta Isaka mwenyewe, ambaye, nani angeshangaa, sasa alikuwa mwenyekiti wa kijiji kipya. Alikuja asubuhi, ufunguo wa ghala la kijiji umening'inia shingoni kwa uzi.

"Hodi hapa."

"Mlango ukiuona wazi," Damari alijibu kutoka ndani, "ujue nafukuza moshi."

Isaka aliinama akaingia hata hivyo. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, bila kukaribishwa. "Shemeji, lori linakuja Jumanne. Magunia yatakuja humo humo. Uwele unaingia kwenye magunia, magunia yanaingia ghalani, na kila Jumamosi kila mtu anapimiwa chake."

"Anapimiwa na nani?"

"Na kamati."

"Kamati ina shingo? Maana ufunguo nauona kwenye shingo yako."

Isaka aliushika ule ufunguo, akauachia. "Si uamuzi wangu. Imeagizwa."

"Nawe ukaitika. Lini umewahi kuagizwa ukakataa?" Damari alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Nitahama. Sikatai kuhama. Lakini nitahama na kihenge changu kizima, na uwele wangu ndani yake, nichote kwa mkono wangu siku ninayotaka."

"Hakipiti mlangoni, shemeji."

"Basi na mimi sipiti."

"Lainika kidogo," Isaka alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya kumsifia mtu baiskeli. "Kwa faida yako. Wenzako wote wamekubali. Ufito ukikataa kukunjwa unavunjwa."

"Unanifundisha fito, mimi?" Damari alisimama. "Toka. Umesikia? Ukikutwa na lori Jumanne, likukute kwako."

Alitoka. Vita yenyewe ilikuwa imeanza siku ya mbuzi, lakini asubuhi ile kila mmoja alijua silaha ya mwenzake ni ipi.

Kuna jambo Damari hakumwambia mtu, hata Klara alipokuja kumsalimia. Tangu masika magoti yake yalikuwa yanashika. Akichuchumaa kupepeta, kuinuka kulimbidi ashike kitu, asubiri, ajikunjue kwa awamu, huku akiangalia mlangoni asije mtu akamwona. Majirani walipomwitia kihenge kipya mwezi wa nne, alisema udongo wa mwaka huo haufai.

Jumanne lori lilifika na vumbi lake. Mgambo walikuwa sita, mkubwa wao Mathayo, kijana wa Kinampanda aliyefahamika kwa kucheza mpira vizuri. Aliyewaongoza wote alikuwa bwana mmoja wa operesheni aliyetoka mbali, mwenye miwani ya jua na suruali iliyopigwa pasi, mtu wa haraka. Alisema "Uhuru!" na watu wakajibu "Na kazi!" na papo hapo kazi ikaanza. Milango iling'olewa, maboriti yakashushwa, vitanda, vinu, kuku waliofungwa miguu, vyote vikapakiwa. Leah, jirani wa Damari, alipanda juu ya mzigo huku analia, na kibuyu chake cha samli kimekumbatiwa kifuani.

Walipofika kwa Damari walimkuta amesimama mbele ya chumba cha nyuma. Bwana wa operesheni aliinama akachungulia.

"Hiki ni nini?"

"Ni kihenge, ndugu," Isaka alisema. "Ghala la nyumbani."

"Kitoeni."

Mgambo walitazamana. Mathayo ndiye aliyepata ujasiri. "Hakitoki, ndugu. Mlango mdogo."

"Sasa kiliingiaje?"

Hapakuwa na mtu wa kumweleza bwana yule, kwa haraka aliyokuwa nayo, mambo ambayo watu wenyewe hawakuwahi kuyafikiri. Alivua miwani, akaivaa. "Kateni. Mimineni kwenye magunia. Tuna vitongoji vitatu leo."

Mathayo alipoingia na panga, Damari alikwishapanda juu ya kinu. Alitanguliza mkono, akalaza kichwa, akageuza nyonga, na akazama mdomoni mwa kihenge mbele ya macho yao, mwanamke wa miaka hamsini na minane, na kilichobaki nje ni kilemba chake kilichonaswa na ukingo. Mgambo wawili wakapiga makofi, wakanyamazishwa.

"Kateni sasa!" sauti ilitoka ndani. "Lakini siwaambii mgongo wangu uko upande gani!"

Mathayo alizunguka kihenge, panga mkononi. Akaweka sikio. Akarudi nyuma. Hakuwa tayari kumkata mama wa watu kwa sababu ya uwele, na alilisema hilo kwa sauti.

"Nani huyu?" bwana wa operesheni aliuliza.

Isaka alikohoa. "Ni mgonjwa, ndugu. Akili zake si nzima, toka afiwe. Tumwache, nitamleta mwenyewe."

Damari alisikia kila neno. Katika matusi yote waliyorushiana miaka kumi na miwili, hili lilimchoma zaidi, kwa sababu lilisemwa kwa upole.

"Ni ndugu yako?"

"Mke wa marehemu kaka yangu."

"Basi ni mzigo wako. Jua likigusa kilima kile, hawa wanarudi na moto. Nyumba hii haitabaki kuwa maficho. Awemo, asiwemo." Akatoka, na lori likaanza kunguruma.

Damari alisubiri mpaka mngurumo ulipopotea bondeni. Halafu alicheka. Alicheka peke yake mle gizani, amejikunja, magoti yamegusa kidevu, uwele umemzunguka kiunoni. Amewashinda. Lori na panga na miwani ya jua, wote wameondoka, na kihenge kiko palepale. Alichota uwele kiganjani akautafuna mkavu, kwa furaha tu.

Kisha akataka kutoka.

Aliinua mkono, akashika ukingo wa mdomo, akajivuta. Magoti hayakukunjuka. Alivuta pumzi, akangoja, akajaribu kwa awamu kama alivyokuwa akifanya jikoni. Lakini jikoni chini kuna sakafu, na hapa chini kulikuwa na uwele. Kila alipousukuma kwa miguu ulimtoka, ukateleza, ukarudi kumshika juu zaidi. Alijaribu mara ya pili, ukampanda mpaka chini ya maziwa. Mara ya tatu aliacha katikati, kwa sababu pumzi ilianza kuwa fupi. Mwili ule ambao haukuwahi kumkatalia chochote ulikuwa umekaa naye mle ndani, mgumu, hausikii.

Aliogopa. Lisemwe hivyo hivyo: Damari aliogopa sana. Aliita, "Leah!" ingawa alijua Leah yuko juu ya lori. Kitongoji kizima kilikuwa mashimo ya milango.

Halafu akasikia mtu akitema mate nje ya ukuta.

"Shemeji," Isaka alisema, akaingia. "Jua limeshaanza kuteremka. Toka twende."

"Nenda. Nani amekuweka?"

Isaka alikuwa mtu wa kusikiliza upepo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake maisha yote. Alisogea karibu na kihenge. "Hutaki kutoka," alisema taratibu, "au huwezi?"

Ndani uwele ulisikika ukiteleza, ukatulia tena. Isaka akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko alichokiweka akiba muda mrefu, na kilipotoka kilimtoka chote, mpaka akashika ukuta.

"Mwanamke asiye na mifupa!" alisema. "Ee Mungu wa Kinampanda!"

"Ukimaliza, nivute mikono."

Alimaliza. Alipanda juu ya kinu, akaingiza mikono yake minene, akamshika vifundo vya mikono, akavuta. Mabega yalifika mdomoni, magoti yakagota ubavuni mwa kihenge na kukwama hapo. Damari alipiga yowe. Isaka alipomwachia alizama zaidi ya alivyokuwa mwanzo, uwele ukamfika kwapani. Walijaribu tena, ikawa vile vile. Kihenge hakikuwa na tundu la chini la kutolea nafaka. Damari hakuwahi kuliweka kwenye kazi yake yoyote, akisema tundu la chini ni mlango wa mwizi.

"Hakuna njia," Isaka alisema akihema. "Ni kukata."

"Usikikate."

"Utaungua humo."

"Usikikate, nimesema!"

Chini bondeni zilianza kusikika sauti. Mgambo walikuwa wanarudi, wakiimba, wepesi wa miguu kwa sababu lori limebeba mzigo. Damari alizisikia, na Isaka alizisikia. Mwanga uliokuwa ukiingia mlangoni ulikuwa umegeuka mwekundu. Isaka alichomoa panga lake kwenye ala, akasimama nalo, wala hakulitumia.

Damari alifumba macho. Alimwona Klara kule Iguguno akiletewa habari. "Kata," alisema.

"Sikusikia."

"Kata!"

"Si hivyo."

"Unataka nisemeje?"

Isaka alilishusha panga. Aliposema, sauti haikuwa ya mwenyekiti wala ya tarishi wa mtemi, ilikuwa ya mtu ambaye kila kisima alichopita miaka kumi na miwili alisikia wanawake wakijizuia kucheka. "Niamkie," alisema. "Sema shikamoo."

Huku kwetu mlevi haachi kumwamkia mkubwa wake. Mwizi akikutana na mzee njiani, na mbuzi wa wizi begani, anasema shikamoo kwanza ndipo akimbie. Lakini mkubwa kumwamkia mdogo? Mke wa kaka mkubwa, kumwamkia kijana ambaye yeye mwenyewe alimsugua miguu kwa jiwe? Hilo halikuwa na jina. Damari aliwaza kukataa. Si kwa hasira tu, alilipima kweli. Alipima moshi, alipima muda utakaochukua, na akaona anaweza kulivumilia kwa sababu lingekuwa fupi. Ila zile sauti zilikuwa zimefika penye bomba sasa, na Mathayo alikuwa anamtania mwenzake kitu, na ghafla Damari alitaka kuishi, kwa tamaa mbaya, yenye aibu, kama tamaa ya mtu mwenye njaa kwenye sufuria ya jirani.

"Shikamoo," alisema.

Akangoja marahaba.

Aliingoja huku meno ameyauma, maana alijua itakavyokuwa: ndefu, ya kuvuta, ya mtu aliyeshiba. Alijiandaa kuipokea. Aliisubiri imwingie sikioni ili apate kuichukia mpaka siku ya kufa.

Haikuja. Isaka alikuwa amesimama upande wa pili wa fito, karibu kabisa, pumzi yake inasikika. Alifungua kinywa, Damari aliisikia midomo ikiachana. Mtu yule ambaye Mwingereza alimkunja, mtemi akamkunja, chama kikamkunja, na mchungaji na bwana shamba kila mmoja kwa zamu yake, aliambiwa jambo dogo tu, aitike neno moja alilolidai mwenyewe, na hakuweza. Kitu ndani yake kiligoma.

Kisha panga likapiga.

Alikata upande wa chini, mbali na mgongo, kana kwamba alijua mgongo uko wapi. Fito kavu za miaka kumi na mitano zilivunjika moja moja, udongo ukadondoka, na uwele ukaanza kumwagika, kwanza kidogo, halafu wote, ukaenea chumbani, ukajaza jiko, ukafika kwenye kizingiti cha mlango. Damari alitoka nao, ubavu ubavu, amejikunja vile vile alivyokuwa, magoti kidevuni. Alilala juu ya nafaka yake akimtazama Isaka, na Isaka alikuwa ameupa ukuta uso, panga limening'inia mkononi, mabega yanatikisika.

Mgambo walipofika walikuta hivyo. Walijaza magunia kwa mikono na kwa kofia, wakaweka moto, na Mathayo akambeba Damari mgongoni mpaka barabarani, kwa sababu miguu ilikuwa haijakubali kunyooka.

Damari aliishi miaka tisa mingine katika kijiji kipya. Magoti yalimrudia nusu. Hakufuma kihenge kingine, na walipomwomba awafundishe wasichana wa darasa la saba, alisema wafundishwe kushona. Kila Jumamosi alipanga foleni penye ghala na bakuli lake, na Isaka, mwenye ufunguo shingoni, alimpimia kwa mkono wake, na kila mara alimjazia mpaka ikawa kilima. Damari aliweka bakuli chini mbele ya watu wote, akakwangua kile kilima kwa kiganja, akakirudisha kwenye gunia, akaondoka na kilicho sawa na ukingo. Hawakuamkiana. Isaka alimpisha njia akimwona kwa mbali, na Damari naye aliihama njia hiyo hiyo, hata wakabaki wote wawili kwenye majani.

Mwaka wa mwisho Klara alikuja kumuuguza. Jioni moja, akimkanda magoti kwa maji ya moto, alimuuliza ni nini hasa kilichomuuma zaidi siku ile. Nyumba kuchomwa? Uwele kuchukuliwa? Au kihenge alichofuma na baba?

"Nilimwamkia Isaka," mama yake alisema.

Klara akaacha kukanda.

"Nilimwamkia, na hakuitika. Angeitika, mwanangu, ningemchukia nikalala usingizi."